Alfayo wa Ekerenyo, Mchinjaji Aliyekataa Nyamafu

"Nyama bado ina joto, Baba Roselyne. Weka mkono hapa uone," Nyakundi alisema kwa mara ya tatu, na majirani waliojaa uani wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Ng'ombe wake wa pekee wa maziwa alilala kando ya migomba, tumbo limefura, amekufa alfajiri bila kisu na bila mtu kujua kilichomuua.

"Nimeona," Alfayo akajibu. "Lakini siwezi kuuza."

"Kwani wewe ni mwenye bucha ama ni padri?"

Watu walicheka. Alfayo aliokota jembe. "Mama akija kwangu hanusi nyama. Ananiangalia uso, analipa, anaenda kupikia watoto. Nitakuchimbia shimo la kumzika."

"Chimba la kwako," Nyakundi akasema. Hivyo ndivyo nyumba mbili zilizokuwa zikikopana chumvi zilivyoachana.

Alfayo Okemwa alizaliwa mwaka 1958 karibu na Ekerenyo, katika familia ya Kikatoliki iliyolima chai na ndizi. Wito wake haukumjia kanisani. Ulimjia sokoni Keumbu, akiwa kijana wa kuosha gogo la kukatia nyama, siku alipomwona tajiri wake akipaka damu mbichi kwenye paja lililochacha ili ling'ae, kisha akamuuzia mjane aliyebeba mtoto mgongoni. Alfayo alivua aproni palepale. Alipofungua bucha yake mwenyewe Ekerenyo, aliapa mbele ya mkewe, Bosibori, kwamba hakitaning'inia humo kitu ambacho hawezi kuwalisha watoto wake.

Kiapo hicho kilijaribiwa mwaka ule wa ng'ombe wa Nyakundi, 2009. Kabla jua halijawa kali, mchuuzi mwingine alikuwa amekwisha kumchuna ng'ombe yule na kumuuza kilo kwa kilo. Wote waliomla waliamka wazima, wakapita mbele ya bucha ya Alfayo wakijipapasa matumbo. "Mtakatifu, mbona hatujakufa?" Umbea ulizunguka soko zima: ati anaringa, ati alitaka Nyakundi afilisike. Katika egesangio, ile zamu ya majirani kulimiana mashamba, jina lake liliachwa nje, na msimu huo yeye na mkewe walipalilia chai yao peke yao. Siku nyingine nyama ilishinda ikining'inia hadi jioni.

"Wamekula na hawajaugua," Bosibori alimwambia shambani, mgongo ukimuuma. "Huoni ulikosea?"

"Nashukuru Mungu hawajaugua. Lakini mimi sikujua kilichomuua, na nisichokijua siuzi." Akainama, akaendelea kupalilia.

Wako wanaosimulia kwamba mvua ya mawe iliwahi kupiga kijiji kizima ikaruka chai ya Alfayo, na hao waachiwe mvua yao. Muujiza ulioonekana na kila mtu ulipita mlango wa nyuma wa bucha. Walewale waliomcheka, mtoto akianza kula, au mgonjwa akitoka hospitali, walikuja kimyakimya, leso zimeshuka hadi kwenye nyusi, kununua kwake. Hakumkumbusha hata mmoja. Aliuliza hali ya mtoto, akachagua sehemu laini, akakata. Polepole wakahamia mlango wa mbele. Nyakundi peke yake hakuja.

Alfayo alilala mauti mwaka 2023, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini sokoni Ekerenyo mama akimtuma mtoto kununua kitu humwambia, "Nenda kwa mtu wa uso kama wa Alfayo." Anayepima majani ya chai, anayeuza dawa, anayekaa ofisini na mhuri mkononi, na amwige huyu: asiweke uso wake juu ya kitu asichokijua.

Siku ya mazishi, boma lilipofurika na sufuria kufunuliwa, Nyakundi alisimama nje ya lango, kofia mkononi. Bosibori akamwendea.

"Sijakula hapa tangu ile ng'ombe," Nyakundi akasema.

"Najua, shemeji. Kila Krismasi alikuwa anakuwekea sahani, na mimi naiosha bila kutumika." Akafungua lango. "Hii nyama ni ya ng'ombe aliyemchagua mwenyewe kabla hajalala. Ingia ukule."