Karatasi ya Umeme

Shuleni walimpachika jina la Mbishi, kwa sababu hakukubali jibu lolote mpaka alipigie hesabu mwenyewe. Jina likamganda, hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Alipomaliza kidato cha mwisho alianza kazi kwenye duka la miwani la mjomba wake, akisaga lenzi na kukaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: chuo kikuu Marekani.

Mtandaoni mtu mmoja alimwambia kwamba mwombaji wa kutoka nje hasikilizwi bila ile mitihani ya juu ambayo vijana wa Kimarekani huifanya kabla ya kuingia chuo. Shule aliyosoma haikuwa na masomo hayo. Basi akaamua kujifundisha kalkulasi na fizikia ya mwendo. Kitabu alikipata cha mtumba, jalada limeshatoka. Wateja wakipungua, alijibanza nyuma ya mashine ya kusagia, akikokotoa kwenye bahasha za miwani. Akikwama, hakuwa na wa kumuuliza. Swali moja la gurudumu linaloviringika mteremkoni lilimla siku nne nzima; ya tano akagundua kuwa jibu la kitabuni ndilo lililokosewa chapa. Alilia kwa hasira mpaka mjomba akadhani amejikata kidole.

Kumbe kusoma kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Pa kufanyia mtihani hapakuwepo. Shule ya kimataifa ya karibu ilimjibu kwa mstari mmoja: tunapokea wanafunzi wetu tu. Ya pili ilikaa kimya. Ya tatu, mwendo wa saa tisa kwa basi, ndiyo iliyomkubali.

Alifikia kwa rafiki wa mama yake. Jumatatu akafanya kalkulasi, akatoka anatabasamu peke yake barabarani. Alhamisi akafungua karatasi ya fizikia, akasoma kichwa chake mara mbili. Akanyoosha mkono kumwita mratibu wa mitihani.

"Mama, samahani, hii siyo yangu. Mimi nilijiandikisha ya mwendo. Hii ni ya umeme na sumaku."

Mratibu akatazama orodha yake. "Uliomba fizikia, mwanangu. Na mimi nimeagiza fizikia."

"Lakini ziko mbili! Nilikuandikia mara tatu!"

"Sasa mimi nifanyeje? Karatasi nyingine sina. Ufanye hiyo, au urudi nyumbani."

Akaifanya. Umeme alioujua ni ule wa shuleni, wa betri na balbu. Alijibu alichoweza, kwingine akaacha peupe.

"Si ungekataa?" mama yake akamwuliza aliporudi.

"Nikatae, halafu nirudi na nini?"

Matokeo yakatoka: kalkulasi tano, alama ya juu kabisa; fizikia mbili. Akawaandikia waandaaji wa mtihani. Wakamwambia awasiliane na shule. Shule ikamwambia awasiliane na waandaaji. Walimpiga danadana miezi miwili, mwishowe akanyamaza.

Kilichomkata maini kilikuja baadaye. Chuo kimojawapo kiliitisha mkutano wa mtandaoni, afisa wa udahili akaulizwa kuhusu mitihani hiyo. "Kama shule yako haina masomo hayo," akasema, "hatuidai. Tunakupima kwa kile ulichokuwa nacho."

Mbishi akaizima simu. Mjomba, aliyekuwa anasikiliza huku anafuta kioo, akageuka taratibu. "Kwa hiyo mwaka mzima ule wote..."

"Mjomba, tafadhali, usimalizie."

Hata hivyo aliomba vyuo sita. Vitano vilimkataa kwa barua za upole zilizofanana kama mapacha. Cha sita kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, akasubiri mpaka orodha ikafungwa bila jina lake kuitwa.

Sasa yuko mwaka wa kwanza kwenye chuo cha nchini mwake, kitivo cha sayansi. Wiki ya kwanza alipeleka cheti chake cha kalkulasi kwa mkuu wa idara, aombe kurukishwa somo. Mkuu akakigeuza mbele na nyuma.

"Hongera sana. Ila mtihani huu hatuutambui."

Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa Mbishi anakaa darasani, anasoma kalkulasi upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Wenzake wananakili kwake. Kutoroka hawezi, maana mahudhurio nayo yana alama.