Safari Isiyo na Saini

Mwalimu wangu wa urubani alikuwa mtu wa Muyinga, mtoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu. Mimi nilikulia Tanzania, kisha wazazi wangu wakarudi nchini kwetu, Bugendana, kulima maharage. Siku ile tuliruka kutoka Gitega, tukageuza ndege juu ya Muyinga. Ilikuwa safari yangu ya mwisho kabla ya mtihani.

"Pale nyuma ya msikiti ndipo kwangu," alisema, kisha akanyamaza.

Ukimya wake haukunishangaza. Walimu hunyamaza wakitaka kumpima mwanafunzi. Tulipofika juu ya Bugendana nikamwambia, "Kule chini ni kwetu, mwalimu." Hakujibu. Nikatua Gitega vizuri kuliko siku zote, nikazima injini, nikageuka nikitarajia sifa. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha. Nikamshika mkono, ulikuwa umeanza kupoa.

Daktari alisema ni moyo.

Baada ya mazishi nilipeleka kitabu changu cha safari, kinachoandikwa muda wa kuruka, kwa afisa wa leseni. Muda wenyewe haukuwa na utata: huhesabiwa tangu ndege inapoanza kutembea ili iruke, hadi inaposimama baada ya kutua. Utata ulikuwa niuandike kama muda wa aina gani.

"Ukiwa na mwalimu ni mafunzo, na lazima yeye asaini," alisema.

"Hawezi kusaini."

"Na peke yako maana yake hamna mtu mwingine ndani ya ndege." Akavua miwani. "Ulikuwa peke yako?"

Nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa siku ile.

"Ulikuwa peke yako kuanzia wapi?" akauliza kwa upole.

"Sijui. Nilikuwa natazama mbele."

Safari ile haikuhesabiwa. Nikairudia na mwalimu mwingine, nikapata leseni.

Ndipo nikaenda Muyinga kumsalimu mjane wake. Alinitengea chai, akaketi.

"Bon, shemeji, mi iko na swali moja tu. Alitamka shahada kabla ya kukata roho?"

"Sikusikia, shemeji."

Aliitazama chai yake. "Labda alisema kwa sauti ndogo."

"Labda."

Hakuuliza tena. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama pale hadi nilipopata gari.

Siku hizi narusha ndege ndogo za mizigo, mara nyingi bila mwenzangu. Nikiwa juu ya vilima vya Muyinga huwa naongea kwa sauti: upepo, mafuta, mawingu yaliyo mbele. Kisha nasubiri kidogo kabla ya kuendelea.