Njia ya Reli ya Kwenda kwa Mama Mkwe

Nyumba yetu iko upande huu wa bonde, na ya mama mkwe wangu iko upande ule. Asubuhi nikisimama mlangoni nilikuwa naona moshi wa jiko lake ukipanda juu ya mashamba ya chai. Lakini kufika huko kulikuwa kazi. Barabara ya gari inazunguka hadi karibu na mji wa Kipkelion ndipo irudi, na kijia cha kushuka bondeni mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni. Njia fupi ilikuwa daraja la reli.

Madaraja ya namna hiyo yako kadhaa huku kwetu. Yalijengwa wakati wa mkoloni ili treni ivuke mabonde ikienda Kisumu. Letu ni la chuma, refu, limesimama juu ya miguu myembamba iliyoanza kuota kutu. Nilipoolewa, treni zilikuwa zimeacha kupita. Nyasi zilikuwa zimemea kati ya reli, na mbuzi walizifuata huko. Watoto walikwenda shule kwa njia hiyo, wanawake walipitisha maziwa, na siku moja niliona wanaume wakivusha jeneza, mmoja ametangulia akiwaonyesha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Kati ya taruma na taruma kuna nafasi, na ukitazama chini unaona vilele vya miti. Mwanzoni nilivuka nikitetemeka. Baadaye nilichoka mno hata woga wenyewe ukaniacha.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alitoka Kenya ya kati akafungua duka la mbegu na mbolea Kipkelion, na sisi wote tukazaliwa hapo. Mume wangu ni Mkipsigis, na mama yake hakutaka anioe, mtu wa kabila lingine. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa tu hasemi nami. Akitaka jambo alipitisha kwa watoto wangu, nami nimeketi palepale. "Mwambieni mama yenu chai imepoa." Nilimwita kogo, yaani nyanya, kama watoto walivyomwita, kwa sababu sikujua nimwite nani mwingine.

Halafu akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Mume wangu anaendesha lori la majani chai upande wa Kericho na huja nyumbani mwisho wa wiki. Dada zake wawili wameolewa mbali, Sigor. Tukamwomba kogo ahamie kwetu, akakataa.

"Ng'ombe zangu nitaachia nani?" alimuuliza mwanawe. Mimi hakunitazama.

Basi ikawa kazi yangu. Nilikuwa nakamua ng'ombe wangu, napeleka maziwa, nachuma chai yetu kidogo kabla jua halijawa kali, kisha navuka. Namwosha, nampikia uji wa wimbi, nakamua ng'ombe wake, naitunza chai yake, nafua mashuka. Narudi jioni mgongo umekufa. Mambo yakaenda hivyo mpaka nikasahau kama maisha yaliwahi kuwa vingine. Kuna siku nilisimama katikati ya daraja bila sababu yoyote, kwa sababu tu hapo hakukuwa na mtu wa kuniita.

Baadaye wakaja mafundi. Walifyeka nyasi, wakabadilisha mataruma mabovu, wakafunga upya vyuma vilivyolegea. Tukaambiwa treni zinarudi, tusipite tena. Tulisikia, tukaendelea kupita. Treni zenyewe zilikuwa chache, za mizigo, na hakuna aliyejua saa zake. Tulijifunza kuinama na kuweka kiganja juu ya reli kabla ya kuvuka. Ikitetemeka, unangoja.

Siku ninayotaka kusimulia ilikuwa siku ya kogo ya kliniki ya presha. Zahanati iko upande wangu. Kwa kawaida nilimtafutia bodaboda izunguke naye, lakini mvua ya wiki hiyo ilikuwa imebomoa barabara, na kijana wa boda akasema kwenye simu kwamba hawezi kufika. Dawa za kogo zilikuwa zimekwisha.

"Tupite kwa reli," akasema. Aliniambia mimi, si watoto. Watoto walikuwa shuleni.

"Kogo, hutaweza."

"Nimepita hapo kabla uzaliwe."

Niliinama nikashika reli. Ilikuwa baridi na imetulia. Tukaanza. Yeye alishika fimbo kwa mkono mzima, mimi nilimshika upande wa pili. Alikuwa anatazama kila taruma kabla ya kuweka mguu, na mguu ule wa kushoto ulikuwa unaburutika. Tulipofika katikati akasimama.

"Hii mguu imekataa," akasema.

"Pumzika kidogo."

Sijui kwa nini niliinama tena. Nilipoweka kiganja juu ya reli, ilikuwa inatetemeka.

Kurudi hatungeweza, na mbele kulikuwa mbali vilevile. Mbele yetu kidogo, pembeni mwa daraja, palikuwa na kibaraza cha chuma kilichochomoza nje, kidogo kama meza, mahali ambapo zamani wafanyakazi wa reli walijibanza treni ikipita. Sikumweleza kitu. Nilichuchumaa nikamvuta mgongoni kama mtu anayejitwika kuni, nikatembea. Fimbo yake ikaanguka. Sikuisikia ikifika chini. Honi ilipolia nyuma ya kona nilikuwa nimekwisha kumsimamisha kwenye kibaraza na kumkumbatia, mgongo wangu ukiwa upande wa reli.

Ilikuwa treni ya mafuta, ndefu. Haikuwa na mbio, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana haikuisha. Daraja lote lilitikisika chini ya nyayo zetu. Upepo wa joto wenye harufu ya dizeli ulinipuliza shingoni, behewa baada ya behewa. Kogo alikuwa amenishika sweta kwa mkono wake mmoja, na mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu, anasema kitu, anakirudia. Sikusikia hata neno.

Ilipopita tulibaki vilevile.

"Ulikuwa unaniambia nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasema uniache, uende. Watoto wako bado wadogo."

"Niende wapi, kogo?"

"Sijui," akasema. "Nilisema tu."

Nilimbeba hadi mwisho wa daraja, na kutoka hapo tukajikokota hadi zahanati. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alipompima presha aliitazama mashine, akampima tena.

"Iko juu sana, mama. Leo mmefanya nini?"

"Tumetembea," kogo akajibu.

Usiku ule alilala kwangu kwa sababu hapakuwa na njia ya kumrudisha. Alisema ni mpaka barabara itengenezwe. Barabara ikatengenezwa, naye hakuitaja, nami sikuitaja. Jumamosi moja mume wangu alizungusha ng'ombe wa mama yake kwa barabara, akawafunga pamoja na wetu. Sasa kuna waya umefungwa kila mwisho wa daraja, na kibao cha kukataza watu. Wikendi huja wageni na kamera. Wanasema madaraja haya ni ya kihistoria, na wanapiga picha wakiwa kwenye nyasi.

Watu hufikiri baada ya siku ile nilipata nafuu. Sivuki tena, ni kweli. Lakini kogo analala kwenye chumba cha mbele, na ananiita. Ananiita apewe maji, ananiita mlango ufungwe, wakati mwingine ananiita halafu anasema amesahau. Ananiita mwenyewe, bila kumtuma mtu. Kwa hilo nashukuru, ila kuna siku naketi kwenye ndoo zizini baada ya kumaliza kukamua, na siinuki mara moja.

Mwezi uliopita mume wangu alimuuliza mama yake tufanye nini na chai yake ya ng'ambo ya bonde, kwa kuwa imerefuka na hakuna wa kuichuma. Tulikuwa tunakula. Kogo hakuacha kutafuna.

"Uliza huyu," akasema, akinielekezea kidevu. "Ni yeye alikuwa akiichunga."

Mume wangu akanigeukia. Pengine nilistahili kufurahi, na nadhani mahali fulani ndani yangu nilifurahi. Lakini nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri na mikono ilikuwa inaniuma.

"Jirani achume," nikasema. "Mimi siwezi tena."

Kogo akaitikia kwa kichwa, kisha akasogeza bakuli lake nimwongezee mboga.