Nilimfunga mume wangu kifaa cha ng'ombe

Nimekosa. Naanza hivyo nisije nikajitetea katikati. Nilimfuatilia mume wangu kwa kifaa bila yeye kujua, na kwa kufanya hivyo nikamwonyesha mwanaume katili mahali alipojificha mke aliyemkimbia. Sikukusudia. Lakini mkono wa wifi yangu umevunjika, na kutokukusudia kwangu hakuuungi.

Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadilisha. Sisi ni watu wa Ihembe, huku Karagwe, migomba na kahawa, watu wa kanisani. Mume wangu, Baba Asimwe, ni fundi ujenzi na ana pikipiki yake. Ni mkimya mno. Ukimya wake ndio ulionipa kazi ya kuwaza.

Yote yalianzia kwenye senene, wale panzi wa kuliwa. Msinicheke! Huku kwetu mke akimwandalia mumewe senene ni heshima kubwa, na mume naye humletea kitenge. Msimu ule walidondoka kweli kweli. Niliwanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikauma, nikawakaanga. Jumapili baada ya ibada nikamwona anawachota nusu nzima kwenye kopo la maziwa ya unga, anafunga mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki, anaondoka. "Naenda kuangalia kazi," akasema.

Kazi gani inakula senene?

Jumapili iliyofuata akaondoka na sabuni na unga. Kitenge changu hakikuja. Jamani, mwanamke wa huku akisikia senene wake wameliwa na mwingine, hiyo ni zaidi ya kutukanwa. Ningemuuliza. Mdomo ninao. Badala yake nilinuna na kuvunja vikombe.

Sasa nimlete shemeji, mume wa wifi yangu. Dada yake mume wangu, nitamwita Kemi, aliolewa Kyerwa na mfugaji. Alikuwa ametoroka kwake, na watu wakasema yuko Mwanza. Mumewe alikuja kwetu akalia machozi sebuleni, nami nikamhurumia. Kemi aliwahi kunionyesha alama mgongoni, nikamwambia avumilie kwani ndoa ndivyo ilivyo. Hilo nalo liwekeni kwenye makosa yangu.

Shemeji huyo alinikuta gulioni Kituntu nimenyong'onyea. "Shikamoo mimi sikuamkii, wewe ni mdogo," akanitania, "lakini uso huo unaniamkia msiba. Kuna nini?" Nikamwaga yote, senene, sabuni, Jumapili.

Akatikisa kichwa. "Waitu, jamani, mimi nimeshakimbiwa. Wewe usikubali."

Akanieleza kwamba ng'ombe wake wanaoongoza kundi amewafunga vifaa shingoni kwa sababu ya wezi, na simu humwonyesha walipo. Kimoja kilikuwa hakina kazi, ng'ombe wake aitwaye Bihogo alikuwa amekufa. "Kifiche chini ya siti ya pikipiki. Ila asijue. Akijua, hakina maana tena." Akachukua simu yangu, akaniwekea programu, akaandika neno la siri yeye mwenyewe. Nikamshukuru! Nikamwombea na baraka!

Baba Asimwe alipokwenda kuoga, nilifungua siti kwa spana yake nikakifunga kwa raba. Kwenye ramani kikatokea kidoti chekundu, na pembeni yake jina: Bihogo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu anazunguka Karagwe nzima kwa jina la ng'ombe, na mimi niko jikoni namchunga. Niseme ukweli, nilisikia raha. Ndiyo inayonitia aibu kuliko vyote.

Jumapili kidoti kikaenda Bweranyange, kikalala pale mchana kutwa. Na Jumapili iliyofuata. Katikati ya wiki nikapanda bodaboda, nimejifunga khanga kiunoni tayari kwa vita.

Nyumba ilikuwa ya mjane mmoja, ndani kabisa ya kibanja, shamba lake la migomba. Nikaingia bila hodi. Aliyekuwa anamenya ndizi kwenye kigoda ni Kemi. Kopo langu la senene lilikuwa miguuni pake.

"Mawe! Mama yangu! Wifi!" Kisu kikamdondoka. "Nani kakwambia niko hapa?"

Nikadanganya. "Kaka yako."

Uso ukamlegea, akalia, akanishika mikono. Akasema anaogopa hata kumiliki simu, maana mumewe alikuwa anaijua kila hatua yake. Kesi yake ilikuwa imefika polisi, lakini mwanaume alikuwa nje kwa dhamana. "Kaka aliniapia hatamwambia mtu. Kama kakwambia wewe, basi anakuamini." Yesu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikiwa njiani kurudi, shemeji akapiga. "Umefika kwenye kile kidoti? Hujaniambia ni mwanamke gani."

"Kidoti... wewe unakionaje?"

Akacheka taratibu. "Programu ni yangu, shemeji. Bihogo ni ng'ombe wangu. Sasa sema, ni hawara?"

"Ni... ni mtu tu wa kanisani."

"Basi. Sauti yako imenitosha."

Hapo ningempigia Baba Asimwe papo hapo! Dakika ileile! Lakini ningempigia niseme nimejuaje? Nikajiambia nitafute kwanza maneno mazuri. Nikapika, nikampakulia, maneno bado nayatafuta. Asubuhi shemeji akafika Bweranyange. Mjane akapiga yowe, majirani wakatoka na majembe, akakimbia. Alimwacha Kemi hai, mkono umevunjika.

Mume wangu akamhamishia dada yake mahali pengine kwa gari la kukodi, mahali ambapo hakupataja kwa yeyote. Akawa anakaa kwenye ngazi ya nyumba anajiuliza kwa sauti, yeye asiyesema: "Nani alimwambia? Ni yule mjane?" Akaacha kumsalimia yule mama aliyemhifadhi ndugu yake. Mimi nimesimama mlangoni na sahani, nasikia.

Na kile kifaa bado kilikuwa chini ya siti.

Nilitaka kukitoa. Shemeji, aliyekuwa anajificha huko porini, akapiga kabla sijashika spana. "Kikizimika tu, nitamwambia mumeo nani alikifunga. Kiache kitembee." Nikawa nimekwama. Nikikitoa, ndoa imekwisha. Nikikiacha, Kemi amekwisha.

Nikaona njia ya tatu, ya kijinga: mume wangu asiende. Jumapili ya kwanza niliugua tumbo. Iliyofuata kichwa, kisha nikaanguka kanisani mbele ya kwaya. Nilitoboa tairi kwa msumari. Nilimwaga petroli. Magonjwa yote ya wilaya niliyaugua mimi, na yeye, maskini, alinipikia uji na kunikanda miguu. Kila akinikanda nilijua kuna mtu mwenye mkono mmoja mzima anasubiri unga na dawa, na mimi ndiye niliyemzuia aliyekuwa anampelekea.

Jumapili moja akawasha pikipiki. "Leo naenda hata ukizimia. Dada yangu atakufa njaa."

Nikasimama mbele ya gurudumu. Nikasema, "Zima." Nikachukua spana, nikafungua siti mbele yake, nikakitoa. Raba ikanishinda, akaikata yeye. Nikasema kila kitu nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la ua.

Akakigeuzageuza kiganjani. "Alikuwa ananiona?"

"Tangu siku ya kwanza."

Kisha akasema, "Ng'ombe hawezi kuulizwa. Mimi ungeniuliza."

Hakunipiga. Hakunifukuza. Alikipeleka kifaa polisi, nami nikaandikisha maelezo, nikarudia yote mbele ya ukoo, mama mkwe akiniangalia bila kupepesa. Shemeji amekamatwa, kesi inaendelea. Mume wangu alikwenda kwa yule mjane kuomba msamaha. Nilimfuata nikapiga magoti na mimi. Mjane alimkaribisha yeye ndani, mimi nikabaki uani.

Wenzangu, mnaosikia vifaa hivi vinauzwa, mnaowekewa programu na watu wema, sikieni. Anayekufungia jicho la kumtazama mwenzio, naye anatazama kwa jicho hilohilo. Na hata kama angekuwa hatazami, mtu mzima ana safari zake, na za wengine alizoapa kuzitunza. Ulizeni. Mkijibiwa, sawa. Msipojibiwa, afadhali mlale na wivu wenu.

Tunaishi nyumba moja. Kila Jumapili anaacha simu mezani na pikipiki ukutani, anakwenda kwa miguu. Msimu huu senene wamedondoka tena. Nawakaanga, nawajaza kwenye kopo lilelile, naliweka kizingitini. Analichukua bila neno. Nami naingia jikoni nageukia ukuta, nisije nikaona njia aliyoshika.