Mwano wa Kamanda Mabula

Mabula Maganga husema mwenyewe kwamba siku Mungu alipogawa akili pale Samuye, yeye alikuwa machungani, na aliporudi akakuta kimebaki kifua tu, basi akachukua kifua. Kifua hicho ndicho kilichompa ukamanda wa sungusungu miaka kumi na tisa. Akipuliza filimbi, vitongoji vitatu vinasikia. Anavaa mkanda wa jeshi ambalo hakulitumikia hata siku moja, na ukimwita "Kamanda" anageuka upesi kuliko ukimwita Mabula.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafunza watu kuitika mwano. Kwa Wasukuma, mwano ni ukelele wa hatari, na maana yake ni moja: acha ulichoshika, njoo mbio. Mwizi wa ng'ombe, fisi zizini, nyumba inaungua, wote mnakuja. Asiyekuja hutozwa mbuzi. Mabula aliwahi kumtoza mbuzi shemeji yake aliyekuwa anaharisha, na akajisifia kwa hilo mwezi mzima. Tuseme tu kwamba watu aliwafunza vizuri mno.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, lori la mafuta lililokuwa linapeleka dizeli migodini upande wa Kahama lilipasuka tairi kwenye kona iliyo juu ya lambo, likalala ubavu. Mabula alifika wa kwanza. Si kwa ushujaa. Alikuwa amechutama kichakani hapo jirani, kwa shughuli ambayo hata makamanda wanayo.

Alimkuta dereva, mwanamume wa makamo aitwaye Valerian, mkono mmoja umevunjika unaning'inia, mwingine umeshika koleo. Dizeli ilikuwa inateremka mtaroni kuelekea lambo, maji pekee ya ng'ombe wa pale mpaka mvua zije. Valerian alikuwa ameshaliwekea tuta la udongo, la kufika magotini, na mafuta yalikuwa yamesimama nyuma yake. Mkono mmoja tu, na maumivu yale.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba."

"Naomba unisaidie kitu kimoja. Watu wasisogee hapa. Wakilikanyaga hili tuta, lambo limekwisha. Na mtu akiwasha kiberiti, tumekwisha sisi."

Mabula akamwambia aondoe shaka, amefika kwa mwenyewe. Kwa mbali wanawake wawili walikuwa wanakuja na madumu. Sasa, mtu mwenye akili zake angewaendea, akawaambia warudi. Kamanda alijaza kifua, akapuliza filimbi ya mwano ili kuwafukuza.

Watu wakaja. Walitoka mashambani, kilabuni, kwenye mazoezi ya kwaya, na kwa kuwa njiani walipata habari ya dizeli, wakapitia majumbani kuchukua ndoo. Mzee Benjamini, ambaye goti lake halijakunjika tangu mwaka juzi, alimpita akikimbia. "Kamanda, umeniona nimekuja," alisema, "mbuzi wangu umwache." Mabula akapuliza tena kuwarudisha. Kila alipopuliza, wakazidi. Valerian alikuwa anapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Tuta lilianza kumegeka upande mmoja, mafuta yakapata njia.

Na Kamanda? Ingependeza kusema kwamba alijilaza pale lilipomegeka akaziba kwa tumbo, maana tumbo lingetosha. Alikwenda nyumbani kuchukua ndoo. Aliona wenzake wanachota, akajiona mjinga kubaki mikono mitupu, tena ile mashine ya kusaga ya shemeji yake inakula dizeli. Jioni lambo lote lilikuwa linameremeta rangirangi, na ng'ombe wakinusa wanarudi nyuma.

Tangu siku hiyo ng'ombe walinyweshwa mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi. Ndama walikuwa wanaangukia njiani. Wiki mbili zilipopita ukaitishwa mkutano. Alikuja ofisa wa mazingira, Bwana Donatus, na kampuni yenye lori ilimleta Bi Euphrasia na faili nene. Valerian alikaa benchi la mbele, mkono ndani ya plasta, askari kando yake.

Euphrasia alisoma kwamba dereva alisinzia, na kwamba hakufanya juhudi yoyote kuzuia mafuta yasifike majini. Kampuni ilikuwa imeshamfukuza na inataka ashitakiwe.

"Wananchi," Donatus aliuliza, "kuna aliyeona tuta?"

Jibu lilikuwa limepangwa tangu jana yake. Ikijulikana wao ndio waliolikanyaga, kampuni itawaambia wasafishe lambo lao wenyewe. Zipora, mke wa Mabula, alishamwonya nyumbani: "Baba Klara, leo huo mdomo wako ukalie."

"Hatukuona tuta," alisema Benjamini. "Tulikuta mafuta yako majini."

Donatus akaanza kuandika jina la Valerian. Valerian hakubisha. Alikuwa anatazama plasta yake, na kule kunyamaza kwake kukampandisha Mabula aibu mpaka masikioni. Akasimama kabla hajajua atasema nini.

"Tuta lilikuwepo. Huyu alilipiga kwa mkono mmoja. Mimi ndiye niliyepuliza filimbi. Nilitaka watu waondoke, wakaja."

Donatus aliweka kalamu chini. "Ulipiga filimbi ya kuita watu, ili waondoke?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ina mlio wa kufukuza?"

"Haina, mkuu."

Wengine walicheka, wengine wakaguna kwa hasira. Mabula akataka kukaa, ameridhika, anajiona muungwana. Kumbe alikuwa amejichagulia lile kosa zuri, la mtu mwenye nia njema, na lile baya ameliacha nyumbani ndani ya ndoo, chini ya kitanda chake. Alijijua. Akasimama tena.

"Kisha nikachota. Upande mmoja wa tuta ulikuwa bado mzima, nikapita juu yake na ndoo zangu. Ndoo mbili."

"Tatu, Baba Klara," alisema Zipora kutoka upande wa wanawake, bila kuinua uso.

Kisha Mzee Benjamini akajikongoja akainuka. "Mimi dumu moja. Na tuta nililiona." Mama mmoja wa kwaya akasimama: ndoo na beseni. Wakafuata wengine, kila mtu na jina lake na chombo chake, mpaka kalamu ya Donatus ikashindwa kuwafuata. Alikata jina la Valerian. Dereva aliinama, mabega yakawa yanamtikisika, na watu wakatazama pembeni kwa heshima.

Euphrasia alifunga faili. "Kijiji kimekiri," alisema. "Basi lambo ni lenu."

"Bado, mama," alisema Donatus. "Lile tairi nimeliona, limelika mpaka nyuzi. Nani aliruhusu lori litoke nalo?"

"Kampuni ina utaratibu wake."

"Kampuni siioni hapa. Hawa wamesimama kwa majina yao. Kwenu anasimama nani?"

Euphrasia akalifungua tena faili, akapekua. Waliokuwa wamesimama hawakukaa. Mabula magoti yalikuwa yanamuuma, naye hakukaa.