Gesti Yenye Mlango wa Kijani

Dada wa mapokezi amenisogezea kitabu cha wageni. Mashuka aliyoyakumbatia yananukia nafthalini, harufu ile ile ya gesti ya utotoni mwangu, na mkono wangu umegoma kuandika.

Siku ile mama alinileta hapa Tunduma, mpakani, kutoka kwetu Isansa, akaniambia nichague mwenyewe gesti ya kulala. Mimi, ambaye nyumbani hata kipande cha nyama nilichaguliwa! Nikaikataa ya kwanza kwa kelele za malori, ya pili kwa choo chake. Ya tatu ilikuwa na mlango wa kijani na ndala mpya chini ya kitanda. Nikasema, "Hii."

Mhudumu alipomwandika mama, akataka kufunga kitabu.

"Mtoto haandikwi, mama. Si mnalala pamoja?"

"Huyu apewe mstari wake," mama akasema, akachukua kalamu akaandika mwenyewe.

Kichwa kilinivimba. Jina langu kwenye kitabu cha wakubwa! Nikachuchumia niuone mstari wangu. Mama alisahau kwamba nilikuwa nimeshajua kusoma.

Wake ulisema: anatoka Isansa, anakwenda Isansa.

Wangu: anatoka Isansa, anakwenda Zambia.

Nilipoinua uso, mama alikuwa anamuuliza mhudumu kama maji ya moto yapo, mtoto aoge vizuri, maana asubuhi shangazi yake anavuka mpaka kuja kumchukua.

Kisha akanishika bega.

"Gesti umeichagua vizuri, mwanangu," akasema, macho yake yakiwa kwenye ule mlango wa kijani.