Mgeni Aliyemwonjea Baba Chai

Usicheke kabla sijamaliza. Najua ukisikia habari za chai yenye ladha ya keki utadhani nimekuja kukutania, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Miyuji, jua bado halijazama, na sikuwa na homa wala usingizi.

Mama alipofariki tulimzika kijijini kwetu, upande wa Mvumi, kisha nikamchukua baba nikawa naishi naye. Haukupita muda akaanza kunyauka. Chakula alikuwa anadonoa tu. Chai, ambayo ndiyo ilikuwa starehe yake maisha yote, hakuigusa kabisa, na maji alikunywa kwa kubembelezwa. Daktari akaniambia waziwazi kwamba mzee asipokunywa nitampoteza na yeye. Niliogopa, sikufichi. Nilikuwa nimetoka kumzika mmoja.

Nikamlilia Neema, rafiki yangu wa ofisini. Neema ni mtu wa vituko. Alikuwa amerudi kutoka safari ya kikazi na boksi la chai za ajabu: moja ina ladha ya keki ya chokoleti, nyingine ya aiskrimu ya ndizi, na nyingine zimeiga vinywaji vya baa, mojito na ile ya nanasi na nazi, ila hazina kilevi. Akanipa boksi zima.

"Mwonjeshe mzee zote," akasema. "Kweli atakosa hata moja ya kumfaa?"

Basi Jumamosi jioni nikatenga meza sebuleni. Nikatoa vikombe vya wageni na visahani vyake, nikavijaza vizuri mpaka juu, maana mimi nimesoma bweni na huko tulifundishwa kuandaa. Ya chokoleti baba aliinusa akaisukuma pembeni. Ya ndizi akaniuliza kama ni dawa ya kikohozi. Ya mojito ikajaza nyumba harufu ya limau na mnanaa, na mimi mwanakwaya nikaomba tu mchungaji asipite. Ile ya nanasi na nazi hata hakuitazama. Nikaenda dirishani, nikampa mgongo, nikalia.

Ndipo nikasikia hodi. Getini alisimama mama mtu mzima, kanga imefifia, miguu imejaa vumbi jekundu. Sura yake sikuitambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia harufu, nikasema nipite."

Nikamkaribisha, nikafunga geti kwa komeo kwa sababu ya mbuzi wa jirani wanaonimalizia mboga. Ungefanya nini wewe? Nani anamfukuza mama mtu mzima mlangoni kwake?

"Mbukwenyi," akamsalimu baba kwa Kigogo.

Baba akainua kichwa. Alimtazama bila kupepesa.

Viti vilikuwepo, lakini yule mama alikaa chini kwenye mkeka. Bila kuambiwa akachukua kikombe cha chokoleti, akavuta funda kwa sauti. "Hii wameunguza sukari," akasema. Ya ndizi akasema ni ya watoto. Ya mojito ilimkunja uso mpaka nikacheka, na nilikuwa sijacheka tangu msiba. Akaja kwenye ile ya nanasi na nazi. Alipiga funda moja, akafumba macho, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, kisha akampa baba kwa mikono miwili.

"Hii haina neno. Kunywa, mzee wangu."

Baba akanywa. Niamini, alikunywa yote, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Nilikimbilia jikoni kuchemsha maji mengine. Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Geti lilikuwa na komeo lake kama nilivyolifunga, kwa ndani. Na vile vikombe vingine alivyoonja, ambavyo kwa macho yangu nilimwona akivinywea, vilikuwa vimejaa mpaka juu. Nikaonja kimoja. Rangi ipo, ladha hakuna, maji matupu.

"Baba, yule mama ni nani?"

Alifuta machozi. "Mama yako hakuwahi kunipa kikombe bila kuonja kwanza," akasema. Nilijua wazee wetu hufanya hivyo kwenye pombe, anayekukaribisha anaonja mbele yako uone moyo wake ni safi. Mama alikuwa ameihamishia desturi hiyo kwenye chai, na mimi niliyekuwa bweni sikuwahi kuiona. "Tangu nimekuja hapa napewa kikombe kama mpita njia. Nikajiona nimeishi kupita kiasi."

"Sasa baba, kwa nini hukuniambia?"

"Mtu mzima anaombaje aonjewe chai?"

Kuanzia siku ile nikawa namwonjea, naye akawa anakunywa. Lakini sikiliza hili. Chai yoyote niliyotoa kwenye lile boksi, hata iandikwe jina gani, ilikuwa na ladha ya chai ya mama: maziwa, tangawizi, na moshi wa kuni. Neema alikuja kunibishia. Akanywa ile ya mojito, akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo jambo hili halifanyii mzaha.

Mvua zilipokaribia, baba akasema anarudi kulima. Nikamuuliza, huko peke yako nani atakuonjea chai? Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

"Mama yako si yuko kule?"

Nikamfungia mizigo yake, nikamwacha aende. Nampigia simu kila jioni na sauti yake ina nguvu.

Kwa hiyo wewe, kama una mzee ndani anayekataa unachompa, usimkaripie. Kaa karibu naye, onja kwanza mbele ya macho yake. Usipomwonjea wewe, atakuja wa kumwonjea. Mimi wangu alimnywesha baba, kisha akaniachia mzee wangu. Wa kwako huenda asikubali kuondoka peke yake.